Treni ndogo mwisho wa reli: wanavyodhani watu, na ilivyo kweli

Kigoma tunaitwa mwisho wa reli, na jina hilo tunalibeba kwa fahari. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika kwetu. Mbele kulikuwa na ziwa, ikasimama. Mji umezaliwa upya na treni, lakini ukisema jioni zako zinaishia kwenye ubao mezani, ukitengeneza stesheni na mabehewa madogo, watu wanakukatia hukumu kabla hawajauona. Hukumu hizo nimezisikia Mwanga, Ujiji, na Tabora nilikokulia. Nyingi si za kweli.

“Ni michezo ya watoto”

Treni za kuchezea watoto zipo. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha zake kwenye maonyesho ya Leipzig, na reli zake zilikuwa na vipimo maalumu. Modeli ni jambo jingine, maana humo kila kitu kinapunguzwa kwa kiwango kimoja. Kwenye uwiano wa 1:87, unaotumika kuliko wote duniani, behewa la mita 20 linakuwa sentimita 23, na mtu mzima aliyesimama anakuwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Unapima kitu cha kweli, unagawanya, unakata, unapima tena.

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye genge la njia, upande wa Urambo. Alipokuja kunitembelea nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yameshafika kwenye ubao. Aliinama, akaweka kidole juu ya kokoto zangu.

“Mjomba,” akaniambia, “katikati umejaza, pembeni vichwa vya mataruma viko wazi. Jua likiwaka hii reli inahama.”

Alikuwa sahihi. Mataruma ni vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuzishikilia. Chuma kikipata joto kinarefuka, na bega la kokoto pembeni ndilo linalozuia njia isisukumwe upande. Nilibandua kokoto zote za kile kipande cha njia cha sentimita 60, nikaanza upya, naye akavuta kiti akakaa mpaka magharibi, akinionyesha kwa kidole bega linavyotakiwa kushuka. Miaka yake yote ya kazi niliifahamu zaidi siku ile kuliko wakati wowote. Huo nao mtu akiuita mchezo wa watoto, basi hajakaa hapo.

“Bila hela nyingi hugusi”

Kichwa cha treni chenye mota ni ghali, sitaficha. Kinaagizwa nje, kina nauli na ushuru wake. Lakini kichwa ni kimoja, na vingine vyote vinavyokizunguka vinatoka mikononi mwako. Tumekua tukitengeneza magari ya waya na ya maboksi, kwa hiyo mikono tunayo tayari.

Stesheni yetu ya Kigoma, lile jengo jeupe la Wajerumani lenye matao, nimelijenga kwa boksi gumu na rangi ya maji. Mataruma ya Reli ya Kati mengi ni ya chuma, si mbao, kwa hiyo nilikata bati la mkebe wa maziwa vipande vyembamba, nikavikunja ncha na kuvipaka rangi ya kutu. Kokoto zangu ni mchanga wa ziwa uliochekechwa kwa chujio la chai. Ukishaupanga, unadondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na ndani yake tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Tone hilo usilidharau: bila hilo gundi inakaa juu kama matone ya umande na kuuviringisha mchanga, ukiweka inapenya mpaka chini. Kesho yake unakuta umekuwa mgumu kama saruji.

“Utapigwa shoti”

Modeli nyingi za ukubwa huu zinatembea kwa umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) wa volti 12, unaopita kwenye reli zenyewe. Ukizigusa kwa mkono hutasikia kitu. Ni volti zilezile za betri ya gari, au ya sola ambayo nyumba nyingi huku inazo, kwa hiyo umeme ukikatika treni yangu inaendelea. Kurudi nyuma ni kubadilisha tu chanya na hasi.

Hatari ipo, ila si ile wanayoitaja. Betri ya sola inaweza kumwaga umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Mwanzoni niliunganisha yangu bila fyuzi, bisibisi ikaanguka ikalala juu ya reli mbili, na waya ukaanza kutoa moshi kabla sijauchomoa. Treni ikianguka njiani inaweza kufanya vivyo hivyo. Weka fyuzi ya ampea moja au mbili karibu na betri, kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na kama unatumia kipunguza umeme cha kuchomeka ukutani, usikifungue kamwe, maana upande wa pili kuna volti 230.

Treni ikisitasita, mara nyingi ni uchafu kwenye reli. Futa kwa kitambaa na spiriti, na usiishike kwa mkono uliotoka kula mawese.

“Uwiano na upana wa reli ni kitu kimoja”

Hili halisemwi na majirani, linasemwa na wanaoanza, na linawatia hasara. Mimi lilinitia.

Uwiano ni kitu kimepunguzwa mara ngapi. Upana ni nafasi kati ya reli na reli. Reli ya kawaida ya 1:87 ina upana wa milimita 16.5, ambayo ni milimita 1,435 ikigawanywa kwa 87. Na 1,435 ni upana wa SGR, ile reli mpya inayobeba abiria kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja kamili. Gawanya 1,000 kwa 87, unapata 11.5. Niliagiza reli za 16.5 nikazipanga mbele ya stesheni yangu, na kuna kitu kilikataa. Njia ilikuwa pana mno, kama viatu vya mtu mwingine.

Kwa mita moja watengenezaji wanauza reli za milimita 12, kwa sababu Uswisi nako kuna treni nyingi za milimani zenye njia ya mita moja. Ukitaka treni ya Kigoma, anza hapo. Wengine wanakubali kosa kwa kujua. Waingereza wengi wanaweka treni za uwiano wa 1:76 juu ya reli hizohizo za 16.5, zilizo nyembamba kuliko inavyopasa, na wanafurahi. Ni uamuzi wa mtu, mradi aufanye akijua.

“Inataka chumba kizima”

Ubao wa mita moja na nusu kwa sentimita 30 unatosha. Kuna mpango maarufu ulioanzia Uingereza, unaitwa Inglenook: njia tatu fupi, moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu kila moja. Una mabehewa manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu, kisha kichwa kinahangaika kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwangu behewa moja ni la saruji, jingine la mafuta, jingine la chumvi ya Uvinza, na yote yanasubiri meli.

“Ni mambo ya Wazungu”

Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, na vipande hivyo vikaja Kigoma kwa reli. Ikaungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Nitajie mji wenye habari ya treni nzuri kuliko hiyo ya kuweka mezani.

“Ukianza, lazima ujenge yote”

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Kwa 1:87 hizo ni kilomita 14, yaani ubao mrefu kuliko safari ya Kigoma mjini hadi Ujiji. Hakuna anayejenga yote. Unachagua. Mimi nimechagua mita mbili za mwisho: jukwaa la abiria, njia tatu, ukingo wa ziwa. Sasa natafuta namna ya kutengeneza ndoo za dagaa zenye urefu wa milimita nne, na mjomba ameahidi kuja Jumapili kuangalia lile bega la kokoto kama limekauka vizuri.