Je, wajua kwa nini kompyuta kuukuu yenye diski tatu hukataa kuwaka baada ya kuwekwa Linux?

Umemaliza kuweka Linux, mfumo endeshi kama Windows ilivyo. Ujumbe umetokea kwamba kazi imekamilika, umechomoa flashi, umewasha kompyuta upya. Badala ya Linux inafunguka Windows ileile ya zamani, kana kwamba hukugusa kitu. Au skrini inabaki nyeusi na kistari kinapepesa. Au unakutana na maneno yanayowavunja moyo watu wengi: grub rescue>.

Wengi hapo hurudi kwenye flashi na kuanza upya. Mimi nilirudia mara tatu, Jumamosi nzima, kwenye mashine ya mwaka 2008 yenye diski ya GB 80, nyingine ya GB 320 iliyokuwa na Windows, na ya GB 500 niliyotaka kuiwekea Linux. Muda wote huo Linux ilikuwa imekaa salama kwenye diski yake. Haikuwa na mtu wa kuifungulia mlango.

Sababu ni kwamba ndani ya kompyuta kuna programu tatu zinazozihesabu diski, na kila moja huzihesabu kivyake. Penye diski moja haziwezi kupishana. Ukiongeza ya pili na ya tatu, hesabu zinaweza kutofautiana.

Ya kwanza ni BIOS, iliyomo kwenye chipu ya ubao mama. Haijui Linux wala Windows. Huchukua diski iliyo juu kwenye orodha yake, husoma sekta ya kwanza, baiti 512 tu, kisha hukabidhi kazi kwa chochote kilichoandikwa humo. Mpangilio wa sekta hiyo ulikuja na PC DOS 2.0, mfumo wa kompyuta za IBM, mwaka 1983: baiti 446 za maelekezo, 64 za jedwali la sehemu za diski, na 2 za alama ya kufungia.

Baiti 446 ni kidogo mno. Ndiyo maana GRUB, programu inayoiamsha Linux, hukatwa vipande. Kipande kidogo hukaa kwenye sekta ya kwanza. Kikubwa kidogo hubanwa kwenye nafasi tupu iliyo kabla ya sehemu ya kwanza ya diski. Vilivyobaki, pamoja na menyu unayoiona, hukaa kwenye saraka ya /boot/grub ndani ya Linux yenyewe. Na vipande hivi si lazima viwe kwenye diski moja! Wakati wa kuweka Linux, ile hatua inayouliza GRUB iandikwe wapi mara nyingi huja ikiwa imejijaza /dev/sda, yaani diski ambayo Linux imeiona ya kwanza, nasi huipita haraka kwa sababu hatuielewi. Kwangu, GRUB iliandikwa kwenye diski ya GB 80, Linux ikaenda kwenye ya GB 500, na BIOS ikawa inaanza na ile ya GB 320. Hakuna kilichoharibika, ila kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake kwenye kituo tofauti.

Ya pili inayohesabu ni GRUB. Huziita diski hd0, hd1, hd2, na kwa kawaida hd0 ni ile BIOS iliyoanza nayo. Ukibadilisha orodha ya BIOS, namba za GRUB nazo zinahama. Ya tatu ni keneli, yaani kiini cha Linux, inayoziita sda, sdb, sdc kadiri inavyozigundua. Leo diski ni sdb, kesho ukihamisha kebo inakuwa sdc. Hata flashi uliyotumia inaweza kuchukua jina la sda, na ukiichomoa majina yote yanasogea.

Majina hayo ni kama namba ya foleni hospitalini: yanaonyesha nani alifika kabla ya nani, hayasemi wewe ni nani. Kitambulisho cha kweli ni UUID, namba ndefu inayoandikwa kwenye sehemu ya diski inapofomatiwa. Haibadiliki kwa kuhamisha kebo. Ila ukifomati upya, inazaliwa nyingine, na GRUB iliyokuwa ikitafuta ile ya zamani itakuambia haioni kifaa hicho.

Basi kabla ya kurudia kuweka Linux, washa kompyuta kwa flashi, chagua kuijaribu Linux bila kuisakinisha, fungua dirisha la amri na uandike lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID. Utaona kila diski, ukubwa wake, sehemu zake na UUID zake. Zitambue kwa ukubwa wake, usiamini herufi. Ukishaijua diski yenye Linux, nenda BIOS uiweke juu; isipowaka, huenda GRUB iliandikwa kwenye diski nyingine kama kwangu, basi weka hiyo juu kwanza. Angalia vizuri hapa, maana BIOS nyingi za zamani zina sehemu mbili: moja hupanga aina za vifaa, yaani CD, flashi na diski, na nyingine, iliyojificha zaidi, hupanga diski zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika.

Ukiwa umekwama kwenye grub rescue>, hujapotea. Andika ls uone diski zilizopo, kisha zikague moja moja, kwa mfano ls (hd2,msdos1)/boot/grub, yaani sehemu ya kwanza ya diski hd2, hadi upate yenye mafaili. Halafu:

set prefix=(hd2,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itatokea. Ukishaingia kwenye Linux, andika sudo grub-install /dev/sdc (badala ya sdc weka jina ambalo lsblk inaipa diski yenye Linux), ukitaja diski nzima bila namba ya sehemu, kisha sudo update-grub. Windows ikikosekana kwenye menyu usishtuke: tangu toleo la 2.06 GRUB kwa kawaida haitafuti mifumo mingine yenyewe. Ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, urudie amri ya pili.

Kuna mitego miwili ya uzee inayostahili kujulikana. Wa kwanza ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, BIOS husahau mpangilio wake kila umeme unapokatika. Kwa hiyo Linux inawaka vizuri wiki nzima, umeme unakatika usiku, na asubuhi kompyuta inaanza na diski nyingine huku saa ikionyesha mwaka wa zamani. Ukiona saa imerudi nyuma, badilisha betri kwanza.

Wa pili unachanganya zaidi. Baadhi ya BIOS za zamani haziwezi kusoma kupita GB 137 za mwanzo wa diski, na GRUB huzisoma diski kupitia BIOS hiyohiyo. Linux inawaka kwa miezi, kisha unasasisha keneli, faili jipya linaangukia mbali zaidi ya hapo, na GRUB inalalamika kwamba imeambiwa isome nje ya diski. Mtu atalaumu sasisho. Dawa ni kutenga sehemu ndogo ya /boot mwanzoni kabisa mwa diski.

Linux ikianza kuwaka kisha ikasubiri kama sekunde 90 na kukutupa kwenye hali ya dharura, hapo GRUB haina kosa. Kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa Linux inapowaka, kuna diski iliyotajwa ambayo haipo tena. Futa mstari wake, au uuongezee neno nofail kama ni diski unayoichomoa mara kwa mara. Na diski ikionekana leo na kupotea kesho, endesha juu yake sudo smartctl -a, amri inayoonyesha afya ya diski kwa mistari yenye namba. Namba 199 ikipanda, shuku kebo ya data. Namba 5 au 197 zikipanda, nakili mafaili yako leo hii.

Siku hizi nikiweka Linux kwenye mashine ya namna hii, nachomoa kwanza kebo za data za diski nyingine zote. GRUB haina pa kwenda isipokuwa panapotakiwa. Nikimaliza nazirudisha, na Windows ikabaki na mlango wake. Ile diski ya GB 80 niliiondolea GRUB kabisa, maana ndiyo kuukuu kuliko zote, na siku ikifa sitaki ife na ufunguo wa nyingine.