Bomba la hewa ya ukaa linavyowagawa wahafidhina wa vijijini Iowa

Ndugu zetu wa Des Moines na Cedar Rapids, hapa jimbo la Iowa, Marekani, hasa Wakongo wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama, wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo kila tukikutana: hawa wazungu wa mashambani si wote ni Republican, si karibu wote walimpigia Trump, sasa mbona wanagombana wenyewe kwa wenyewe kiasi hiki, unapita barabara ya changarawe unakuta bango la kupinga bomba limefungwa kwenye uzio uleule wenye bango la Trump? Mimi ni mchumi wa kilimo, siku nyingi nakaa mezani na hawa wakulima tunapiga hesabu za mahindi na mikopo, kwa hiyo naomba nilijibu kwa urefu kidogo. Nikisoma yanayoandikwa mijini naona hawa watu wanaelezewa kirahisi mno, mara ni watu wasiojua maslahi yao, mara ni watu wa soko huria wasiotaka serikali kabisa, na yote mawili nayaona hayajafika.

Tuanze na bomba lenyewe. Mwaka 2021 kampuni inaitwa Summit Carbon Solutions, yenye makao yake hapahapa Iowa, ilitangaza mradi wa kujenga bomba la kama maili 2,000, baadaye ukaongezwa mpaka kama 2,500, kupita Iowa, Minnesota, Nebraska, South Dakota na North Dakota. Bomba halikupangwa kubeba mafuta wala gesi ya kupikia, lilipangwa kubeba hewa ya ukaa, ile kaboni dioksidi inayolaumiwa kuongeza joto duniani. Viwanda vya ethanoli vinachachusha mahindi kutengeneza mafuta ya magari, na mahindi yakichacha yanatoa hewa ya ukaa nyingi na safi kabisa, sasa hivi inapaa tu angani. Wazo ni kuikamata, kuibana kwa presha kubwa mpaka iwe nzito kama kimiminika, halafu kuisafirisha mpaka North Dakota izikwe chini sana kwenye miamba. Hela ya mradi inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye kodi: sheria ya mwaka 2022 aliyosaini Biden iliongeza nafuu ya kodi mpaka dola 85 kwa kila tani inayozikwa. Shikeni hapo, manake mkulima wa kihafidhina akikuambia hataki bomba, hii dola 85 ataitaja ndani ya dakika tano.

Sasa kwa nini kuna wakulima wanalitaka, tena kwa moyo wote? Hapa lazima nieleze bei ya mahindi inavyopangwa. Bei kubwa unayoisikia redioni ni ya soko la Chicago, lakini mkulima hauzi Chicago, anauza kwenye maghala ya kijijini au kiwandani, na pale ubaoni bei inakuwa ile ya Chicago toa kitu fulani, tuseme senti 30 kwa busheli (kipimo cha mahindi cha kama kilo 25), kwa ajili ya usafiri na hali ya soko la hapo karibu. Kiwanda cha ethanoli kikiwa jirani kinagombania mahindi na maghala, hilo pengo linapungua, linaweza kuwa senti 10 tu au likaisha kabisa. Senti 20 inaonekana ndogo, lakini mtu mwenye ekari 800 za mahindi zinazotoa busheli 200 kwa ekari, hiyo ni dola 32,000 kwa mwaka, na kwenye mwaka mbaya hiyo ndio tofauti ya kulipa benki na kutolipa. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa yanaenda kwenye ethanoli. Mwaka 2022 mahindi yalipita dola 7 kwa busheli, 2024 yakawa yanazunguka kwenye dola 4, wakati mbolea, mashine na riba havikushuka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mkulima akiambiwa kuwa California na mashirika ya ndege yatanunua ethanoli ambayo kutengenezwa kwake kunatoa hewa ya ukaa kidogo, na bila bomba kiwanda chako kitashindwa ushindani, anasikiliza, na ana haki ya kusikiliza.

Na tusisahau hilo soko lenyewe la ethanoli limetengenezwa na sheria za Washington, ya 2005 na ikaongezwa 2007, zinazolazimisha mafuta yanayotengenezwa kwa mimea, kama ethanoli, yachanganywe kwenye petroli. Bima ya mazao nayo, serikali kuu inalipa kwa wastani karibu asilimia 60 ya ada. Mwaka 2018 China ilipoweka ushuru wa asilimia 25 kwenye soya kujibu ushuru wa Trump, serikali ya Trump iliwalipa wakulima mabilioni kwa miaka miwili, zaidi ya dola bilioni 20. Watu wa mjini wanaona hapo unafiki: wanasema hawataki serikali halafu wanapokea. Mimi baada ya kukaa nao naona wana mstari wao, ila umepita mahali tofauti na pale watu wa mjini wanapoutafuta. Kwao serikali ikileta hela inayomsaidia mtu abaki kwenye shamba la babu yake, hilo wanaweza kuishi nalo, hata kama wengine hawalipendi. Serikali ikimpa mtu wa nje nguvu ya kuingia shambani kwako bila ridhaa yako, hapo umegusa kitu kingine kabisa. Ukiushika huo mstari, mambo yao mengi unayaelewa.

Na bomba limegusa hapohapo. Kampuni haikutaka kununua mashamba, inataka haki ya kupita ya kudumu, shamba linabaki lako ila juu ya ule ukanda hujengi na hupandi miti, wewe na watoto wako. Wengi walisaini kwa hiari, kampuni inasema ni karibu robo tatu ya wenye ardhi kwenye njia yake Iowa. Kwa waliogoma, kampuni iliomba kile ambacho Watanzania mnakijua vizuri, kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Vikao vya kusikiliza hoja vilianza Agosti 2023 mjini Fort Dodge, na Juni 2024 tume ya huduma za nishati ya jimbo ikakubali. Swali la wagomaji ni moja na hawaliachi: manufaa ya umma yako wapi hapo? Barabara tunapita wote, nguzo za umeme tunawasha taa wote. Hili bomba linabeba uchafu wa kampuni binafsi kwenda kuzikwa ili kampuni binafsi ipate nafuu ya kodi. Katiba ya Marekani, rekebisho la tano, inazungumzia matumizi ya umma na fidia ya haki, na hawa wazee wanaijua hiyo sentensi kwa kichwa.

Kuna kitu cha ardhini ambacho ukikaa mjini huwezi kukiona. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Iowa ilikuwa kinamasi. Mababu zao walichimba na kulaza mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba yote ili maji yatoke, siku hizi wanatumia ya plastiki, na ndio maana ile ardhi inatoa mazao namna ile na ekari moja kwa wastani ilifika karibu dola 11,800 mwaka 2023. Haya mabomba ya maji yamepita kila upande, mengine hayana hata ramani, anayejua yalipo ni mzee mwenyewe. Sasa mashine kubwa zikija kuchimba mtaro, zinayakata, udongo mweusi wa juu unachanganyika na udongo wa mfinyanzi wa chini, na matairi yanaugandamiza mpaka mizizi haipenyi. Hawabahatishi, wameshaona. Bomba la mafuta la Dakota Access lilipita hapa kwenye 2016 na 2017, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State walipima mazao kwenye ile njia wakakuta miaka miwili ya mwanzo mahindi yameshuka asilimia 15 na soya asilimia 25. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye shamba la mama mmoja, mjane, mwezi wa saba mahindi yakiwa yamenipita kimo, halafu katikati kuna ukanda unaokata shamba zima, mahindi ya kiunoni, majani yamepauka, na maji yametuama pale ambapo hayajawahi kutuama. Hakuongea siasa hata kidogo. Aliniambia tu marehemu mumewe alikuwa akijua kila mita ya lile shamba na sasa hakuna wa kumuuliza.

Halafu kuna usalama. Februari 2020 bomba la hewa ya ukaa lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, baada ya mvua kulegeza kilima. Watu karibu 200 walihamishwa, 45 walikwenda hospitali, na magari yalizimika barabarani kwa sababu injini hazikupata oksijeni. Kwenye kaunti za vijijini Iowa zimamoto wengi ni watu wa kujitolea, ndio hao hao wakulima. Kaunti za Shelby na Story zilitunga sheria ndogo za umbali kati ya bomba na nyumba, kampuni ikazishtaki, na mahakama za shirikisho zikaipa kampuni ushindi, kwa hoja kwamba usalama wa mabomba ni mamlaka ya serikali kuu. Kwa mhafidhina anayeamini serikali ya karibu ndio serikali bora, ile hukumu iliuma sana, na mimi naona iliwageuza watu wengi kuliko hata hoja ya hela.

South Dakota ndiko walikofika mbali zaidi. Kura za maoni za Republican Juni 2024, wabunge 14 waliokuwa madarakani waliangushwa na wanachama wao wenyewe, na suala la bomba ndilo lilitajwa zaidi. Novemba mwaka huohuo wapiga kura waliikataa kwa karibu asilimia 59 sheria ambayo wakosoaji waliona inailainishia kampuni njia, siku ileile ambayo jimbo lilimpa Trump asilimia 63. Machi 2025 gavana Larry Rhoden, Republican, akasaini sheria ya kupiga marufuku kutwaa ardhi kwa ajili ya mabomba ya hewa ya ukaa. Nawaomba muisome vizuri hiyo, hawa ni watu walewale, karatasi ya kura ileile. Walioambiwa siku zote kuwa wanafuata chama kama kipofu, walikiadhibu chama chao kata kwa kata, na hawakuhitaji kuhamia Democrat kufanya hivyo.

Iowa imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ethanoli ina mizizi ndani ya chama. Mtu aliyeanzisha kampuni mama ya Summit, Bruce Rastetter, ni mchangiaji mkubwa wa Republican hapa kwa miaka mingi. Bunge la wawakilishi la jimbo, akiwemo Steven Holt wa Denison ambaye ni mhafidhina haswa, lilipitisha miswada ya kulinda wenye ardhi, na mara nyingi seneti ikaikalia. Mwaka 2025 maseneta 12 wa Republican waliandika kwamba hawatapigia kura bajeti mpaka muswada ujadiliwe, na Mei ukapita kwa kura 27 dhidi ya 22, Republican 13 wakiungana na Democrat 14. Juni gavana Kim Reynolds akaukataa, akisema unaenda mbali kuliko kutwaa ardhi na utaumiza miradi mingine ya nishati. Theluthi mbili ya kuupindua uamuzi wake haikupatikana. Wazee hapa wakakumbushana mwaka 2006, baada ya mahakama kuu ya nchi kuruhusu mji wa New London kutwaa nyumba za watu kwa ajili ya mradi wa maendeleo, bunge la Iowa lilipindua kura ya turufu ya gavana ili kubana sheria ya kutwaa ardhi. Wakati ule gavana alikuwa Democrat, Tom Vilsack. Wakaniuliza mezani kama haki ya ardhi inabadilika kutegemea nani yuko kwenye kiti, na mimi naona ni swali la haki kabisa.

Kitu kingine kinachowashangaza watu wa nje ni kwamba kwenye mikutano hii shirika la mazingira la Sierra Club limekaa benchi moja na wakulima wanaoamini mabadiliko ya tabianchi yametiwa chumvi. Kila mmoja ana sababu yake, hawajabadilishana imani, wameungana kwenye shauri moja tu. Na upande wa pili nako sio maadui wa kijiji. Mwenye hisa kwenye kiwanda cha ethanoli mara nyingi ni jirani, vingi vya hivi viwanda vilianzishwa na wakulima wenyewe kwa kuchanga, na kodi yake inasaidia shule na barabara za kaunti. Nawafahamu ndugu wawili, mmoja amesaini na mwingine amekataa, mashamba yanapakana, na msimu wa kuvuna mashine ya kuvunia bado wanashirikiana. Mtu akinambia upande mmoja una akili na mwingine hauna, naona hajakaa na hata mmoja wao.

Maoni yangu niyaseme wazi: naamini wagomaji wako sahihi kuhusu kutwaa ardhi. Mradi wenye faida kiasi hicho ungeweza kulipa bei ambayo mwenye shamba anaikubali, au ukazunguka. Ila wanaosema kiwanda cha ethanoli kitaumia hawatishi watu bure. Ng'ambo ya mto Missouri, Nebraska, kampuni ya Tallgrass ilichukua bomba la zamani la gesi linaloitwa Trailblazer, ikaligeuza kubeba hewa ya ukaa mpaka Wyoming, na mwaka 2024 ikasaini makubaliano na Bold Alliance, kundi la wanaharakati wanaowatetea wenye ardhi, kuhusu malipo na usalama. Viwanda vya huko vikipata nafuu ya kodi, vinaweza kulipa zaidi kwa busheli, na mkulima wa magharibi mwa Iowa mwenye lori anaweza kuvuka daraja. Mwaka 2025 Reynolds alitangaza kuwa hatagombea tena 2026, na Republican waliotaka kiti chake wakawa wanaulizwa kwenye mikutano ya vijijini kama wangesaini ule muswada, ndio au hapana.