E-Verify ikikataa taarifa zako, bado hujafukuzwa

Mkimbizi aliyeanza kazi kiwandani Tennessee anaitwa ofisini na kuambiwa kuwa E-Verify, mfumo wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi, umekataa taarifa zake. Anakusanya vitu vyake na kwenda nyumbani. Katika kuwahudumia wafanyakazi wahamiaji hapa Marekani, hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa sheria haikumtaka aondoke.

Tangu sheria ya mwaka 1986, kila mwajiriwa mpya nchini hujaza fomu I-9, ya kuthibitisha kuwa anaruhusiwa kufanya kazi. Sehemu yake huikamilisha kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha, na mwajiri hukagua vitambulisho ndani ya siku 3 za kazi zinazofuata. Majimbo yanatofautiana kuhusu E-Verify, mfumo wa serikali kuu unaolinganisha fomu hiyo na kumbukumbu za Social Security (mamlaka ya hifadhi ya jamii) na za uhamiaji. Arizona iliwalazimisha waajiri wote kuutumia kuanzia 2008, na Mahakama ya Juu ikaikubali sheria hiyo mwaka 2011. Florida inawabana waajiri binafsi wenye wafanyakazi 25 au zaidi. Tennessee, 35 au zaidi. California inakataza kumpima kwa mfumo huo mtu ambaye bado hajapewa kazi.

Taarifa hugongana kwa sababu ndogo: jina la baba limewekwa mahali pa jina la ukoo, herufi imekosewa kambini, au mtu amepata uraia na Social Security haijajulishwa. Mwajiri lazima akueleze faraghani na akupe notisi kwa maandishi. Sema unapinga. Akishapeleka pingamizi lako, una siku 8 za kazi za serikali kufika Social Security au kuwasiliana na Idara ya Usalama wa Ndani, kama notisi inavyoelekeza. Muda wote huo haruhusiwi kukufukuza, kukusimamisha wala kukupunguzia saa kwa sababu hiyo. Usipochukua hatua, anaruhusiwa kukuachisha.

Pia mwajiri hawezi kukuchagulia vitambulisho. Leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti vinatosha; akikulazimisha ulete grinikadi, anavunja sheria. Mkimbizi mpya anaweza kuanza kazi kwa I-94 (hati ya kuingia nchini) yenye hadhi ya ukimbizi, kisha ana siku 90 za kuleta hati nyingine.

Ukibaguliwa, kitengo cha Wizara ya Sheria kinachotetea haki za wahamiaji kazini hupokea malalamiko bure, na kina wakalimani. Yafikishe ndani ya siku 180 tangu tukio.