Gari dogo la zamani na MOT: tunayoambiana na yaliyo kweli

Wengi wetu tunaohamia Uingereza huanza na gari dogo lenye miaka yake: Micra, Fiesta, au Yaris, ambayo nyumbani tuliizoea kwa jina la Vitz. Bei yake inashikika, na halitafuni petroli sana. Tatizo huja mwezi wa ukaguzi wa mwaka, MOT, ukikaribia. Kila mtu ana lake la kukwambia, na mengi hayana ukweli. Kuna wanaouza gari zima kwa bei ya chuma chakavu kwa kuogopa ukaguzi ambao lingepita bila shida. Kuna wengine wananunua gari lililooza kwa sababu tu lina cheti kipya. Hao wa pili ndio wanaoniuma zaidi, maana mara nyingi ni wageni waliozikusanya pesa hizo kwa zamu za usiku.

"Gari la miaka kumi na tano halipiti." Linapita, na yanapita mengi kila siku. Ukaguzi huu ulianza mwaka 1960 kwa magari ya miaka kumi na kuendelea. Mwaka 1967 umri ulishushwa hadi miaka mitatu, na ndivyo ilivyo hadi leo England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ni miaka minne. Mkaguzi hakupi alama kwa umri wa gari. Hata kwenye moshi, gari la zamani hupimwa kwa viwango vya wakati wake, wala halilinganishwi na lililotoka kiwandani juzi.

Ni kweli kwamba magari yanavyozeeka ndivyo yanavyofeli zaidi: mpira wa bushi hukauka, springi hukatika kwenye mashimo, mabomba ya breki hushika kutu. Lakini ukitazama yanayoangusha magari kwa wingi, utakuta taa, springi na shokapu, breki, na tairi. Baadhi ya hayo unaweza kuyaona mwenyewe ukiwa nje ya nyumba yako, bila fundi. Washa taa zote, na ile ndogo ya kumulika namba ya gari, ambayo watu huisahau. Mwambie mtoto akanyage breki nawe usimame nyuma. Piga honi. Jaza maji ya waipa, na raba ya waipa ikichanika badilisha. Tairi inatakiwa iwe na kina cha meno kisichopungua milimita 1.6 kwenye robo tatu za katikati ya upana wake, kuizunguka yote. Balbu ya bei ya sandwichi isikuandikie neno "limefeli".

Linaloua gari dogo la zamani Uingereza ni kutu, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea sana. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo hukaa chini ya gari miezi na miezi. Mtu akiona rangi imetoka mapovu mlangoni anahangaika, ananunua rangi, anapaka. Mapovu ya mlangoni kwa kawaida hayamfelishi mtu, isipokuwa bati limetoboka likabaki na ncha za kukata. Mkaguzi anatazama kutu iliyo karibu na mahali panapobeba uzito: ndani ya sentimita 30 kutoka zinapofungwa springi, mikanda ya usalama, breki au usukani. Hapo bati likiwa limedhoofika, gari halipiti mpaka lichomelewe, na kuchomelea kunaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo unapokwenda kununua, acha kuchungulia milango. Lala chini, mulika kwa tochi kwenye kingo za chini ya milango na pembeni mwa magurudumu ya nyuma. Ukikuta chini kumepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa, uliza kilichofunikwa.

"Lina MOT ya miezi kumi na mbili, kwa hiyo ni zima." Hapana. Cheti kinaeleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo kabisa katika ukaguzi. Mkaguzi pia haruhusiwi kufungua gari kwa spana. Anahukumu anachokiona na kukigusa. Gari linaweza kupita asubuhi na klachi ikamalizika jioni, na hakuna aliyekudanganya.

Kinga ya mnunuzi iko bure kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Andika namba ya gari na utaona historia ya ukaguzi wake: lini lilipita, lini lilifeli na kwa nini, na maili zilizosomwa kila mwaka. Maili zikipungua kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, ondoka. Soma zaidi maelezo ya tahadhari, yale ambayo mkaguzi anaandika huku akilipitisha gari. Tahadhari ya tairi kuisha mwaka mmoja, kisha ikatoweka, inaonyesha mwenye gari aliitengeneza. Tahadhari ya kutu inayorudi mwaka baada ya mwaka, maneno yakizidi kuwa makali, inakwambia utakayelipia ni wewe. Mimi naamini gari la miaka kumi na sita lenye historia safi ni salama kulinunua kuliko la miaka minane ambalo kila mwaka limepita kwa kubahatisha.

Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa: za hatari, kubwa, na ndogo, na tahadhari zikawa chini yake. Kasoro ndogo na tahadhari haziangushi gari. Kubwa inaangusha. Ya hatari inaangusha na pia hairuhusiwi kuliendesha gari mpaka itengenezwe, hata kama ulitaka kulirudisha nyumbani tu.

"Bandika utepe juu ya taa ya injini." Mkaguzi anategemea taa ile iwake unapofungua swichi, kisha izimike injini ikiwaka. Ikikosa kuwaka ni kufeli, ikibaki inawaka ni kufeli pia, kwa magari ya petroli yaliyoanza kutumika kuanzia Julai 2003. Tafuta chanzo chake. Kama gari lako linazunguka mtaani tu, sokoni na shuleni, liendeshe barabara kuu kama nusu saa kabla ya kwenda kukaguliwa, masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, yapate moto yafanye kazi yake kabla moshi haujapimwa.

"Gereji zinafelisha makusudi ili zipate kazi." Hofu hii naielewa, maana anayekagua mara nyingi ndiye anayetengeneza. Lakini una njia. Halmashauri nyingi zina vituo vyao vya MOT ambavyo havitengenezi magari ya wananchi, kwa hiyo hawana cha kukuuzia. Ada ya gari la kawaida haizidi pauni 54.85 popote utakapokwenda. Usiporidhika na matokeo, unaweza kukata rufaa kwa DVSA, idara inayosimamia ukaguzi, ndani ya siku 14 za kazi. Usilitengeneze gari kabla hawajaliona. Na kama lilikaguliwa kwenye gereji inayotengeneza, ukiliacha hapo hapo litengenezwe ndani ya siku 10 za kazi, kurudiwa kwa sehemu zilizofeli ni bure.

La mwisho ni la tarehe. Watu husubiri hadi siku ya mwisho wakidhani kwenda mapema ni kupoteza miezi waliyolipia. Unaweza kukagua mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, na tarehe yako ya mwakani ikabaki ile ile. Gari likifeli ndani ya muda huo na cheti cha zamani bado hakijaisha, unaweza kuondoka nalo ukatafute fundi wa bei nafuu, ilimradi hakukuandikwa kasoro ya hatari na gari lenyewe linafaa kuwa barabarani. Cheti kikishaisha, safari unazoruhusiwa ni za kwenda kutengeneza au kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuweka miadi. Nje ya hapo faini inaweza kufika pauni 1,000.