Ireland na Denmark: dhana potofu kuhusu nani ameendelea zaidi, na ukweli wake

Ni nchi chache za Ulaya zinazofaa kulinganishwa kama hizi mbili. Denmark ina watu wapatao milioni 6, Ireland ina milioni 5 na ushei. Zote ziliingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya siku moja, tarehe 1 Januari 1973, na kwa miongo mingi kabla ya hapo zilikuwa zikigombea mteja mmoja: Mwingereza mnunuzi wa siagi na nyama ya nguruwe. Inasikitisha basi kuona zikipimwa kwa namba moja tu iliyochomolewa kwenye jedwali.

Dhana: Pato la ndani (thamani ya kila kinachohesabiwa kuzalishwa nchini) kwa kila mtu liko juu zaidi Ireland, kwa hiyo Mwairishi wa kawaida ana hali nzuri kuliko Mdenmark.

Namba yenyewe ni ya kweli, ila sehemu kubwa yake haimfikii Mwairishi wa kawaida. Kampuni ya kigeni ya dawa au kompyuta huhamishia hataza zake, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, kwenye tawi lake la Ireland. Bidhaa hutengenezwa kwa mkataba China, kisha hupelekwa moja kwa moja kwa mnunuzi Ujerumani, na hakuna hata boksi moja linalopita bandari ya Dublin. Lakini kwa kuwa mmiliki wa bidhaa ni tawi la Ireland, mauzo huandikwa kuwa ya Ireland. Ongeza hapo ndege za kukodisha zinazomilikiwa na kampuni za Dublin na kuruka sehemu nyingine za dunia. Ndiyo maana takwimu zilizotolewa Julai 2016 zilionyesha kuwa uchumi wa Ireland ulikua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka 2015 pekee. Ajira na mishahara havikukua hata karibu na hapo.

Wengi hudhani dawa ya tatizo hili ni kutoa faida inayorudi kwa wenye mali ng'ambo. Haitoshi. Katika vitabu vya hesabu hataza huchakaa kama mashine, na gharama ya uchakavu huo haihesabiwi kama faida, hivyo hubaki ndani ya pato ghafi, yaani pato kabla ya kuondoa uchakavu. Kwa sababu hiyo Ofisi Kuu ya Takwimu ya Ireland ilianza mwaka 2017 kutoa pato la taifa lililorekebishwa, ambalo huondoa pia uchakavu wa hataza za kigeni, uchakavu wa ndege za kukodisha, na faida za kampuni zilizohamishia makao makuu Ireland kwenye karatasi tu. Mwaka 2023 pato la ndani lilizidi yuro bilioni 500, ilhali pato lililorekebishwa lilikuwa karibu bilioni 290.

Anayetaka kulinganisha mwenyewe achukue hilo lililorekebishwa la Ireland na pato la taifa la Denmark, agawanye kwa idadi ya watu, kisha azingatie bei, maana nchi zote mbili ni ghali sana. Halafu aangalie kipimo cha Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, cha matumizi halisi kwa kila mtu, kinachojumlisha anachonunua mtu na huduma anazopewa, kama shule na matibabu. Kwa pato la ndani Ireland iko karibu mara 2 ya wastani wa Umoja wa Ulaya, lakini kwa matumizi halisi hushuka hadi kwenye wastani au chini yake kidogo. Denmark hubaki juu ya wastani.

Denmark nayo isomwe kwa tahadhari. Mwaka 2023 ukuaji wake ulibebwa kwa kiasi kikubwa na sekta ya dawa, hasa kampuni ya Novo Nordisk.

Dhana: Ireland ilichelewa kwa sababu ya ardhi mbovu.

Malisho ya kusini mwa Ireland ni miongoni mwa bora Ulaya. Katikati ya karne ya 19 soko la siagi la Cork, mji wa kusini mwa Ireland, lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Magharibi mwa Jutland, rasi ya Denmark, kwa upande mwingine, ni eneo la mchanga, na huko, kijijini Hjedding, ndiko wakulima wa Denmark walikoanzisha kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika mwaka 1882.

Walichukua mkopo kwa dhamana ya wote. Kila mwanachama alifungwa na mkataba kuleta maziwa yake yote kiwandani, asiuze pembeni. Katika vyama hivi mwenye ng'ombe 2 na mwenye ng'ombe 40 walipiga kura moja moja. Mashine ilitenga malai, na maziwa yaliyobaki yalirudi nyumbani kulisha nguruwe, ambao walikuja kuwa zao la pili la kuuza Uingereza. Muhimu zaidi, ng'ombe walipangwa wazae vuli na kulishwa zizini wakati wa baridi, hivyo siagi ilipatikana mwaka mzima kwa ubora uleule. Wairishi walitegemea majani ya kiangazi, na msimu wa baridi ugavi ulipungua sana. Mwenye duka wa Uingereza hawezi kungoja hadi Aprili. Ireland ilipata kiwanda chake cha kwanza cha ushirika mwaka 1889, wakati soko lilikuwa tayari linaponyoka.

Nyuma ya nidhamu hiyo palikuwa na mambo mawili. Wakulima wengi wa Denmark walimiliki mashamba yao, ilhali wa Ireland walikuwa wapangaji, tena katika nchi iliyopoteza watu wapatao milioni 1 kwa njaa ya 1845 hadi 1852 na wengine zaidi ya milioni 1 kwa kuhama. Na Denmark ilikuwa na sheria ya elimu ya lazima tangu 1814, kisha shule za wananchi za vijijini tangu 1844. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania ni vijukuu vya shule hizo, kupitia Sweden.

Dhana: Denmark ni nchi ya kijamaa; serikali hupanga mishahara na hakuna anayefukuzwa kazi.

Hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara Denmark. Ireland ndiyo yenye sheria hiyo. Mishahara ya Denmark hupangwa kwa mikataba kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, utaratibu uliojengwa tangu mapatano ya 1899. Mwajiri hupunguza wafanyakazi kwa urahisi, naye aliyepunguzwa hulipwa na mfuko wa bima ya ajira hadi miaka 2, kwa kiwango cha juu cha kawaida cha zaidi ya krona 20,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Uanachama ni hiari, asiyejiunga hapati malipo hayo.

Dhana: Kodi ndogo ndiyo iliyoiinua Ireland.

Wauzaji wa bidhaa nje walipewa msamaha wa kodi ya faida tangu 1956, lakini katikati ya miaka ya 1980 ukosefu wa ajira bado ulikuwa zaidi ya asilimia 15 na vijana walikuwa wakihama. Kodi ilihitaji watu wa kuajiriwa na soko la kuuzia. Sekondari ya bure ilianza 1967. Hadi 1973 mwanamke aliyeajiriwa serikalini alilazimika kuacha kazi anapoolewa. Soko la pamoja la Ulaya lilikamilika 1993. Hayo yalipokutana ndipo kasi ilipokuja.

Dhana: Kijamii Ireland iko nyuma kwa kila kitu.

Katika PISA ya 2022, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wanafunzi wa Ireland walipata alama 516 za kusoma, wa Denmark 489. Umri wa kuishi Ireland uko juu kidogo. Pengo linalouma ni makazi. Ireland ilikamilisha nyumba takriban 90,000 mwaka 2006, kisha baada ya benki kuanguka zikashuka chini ya 5,000 mwaka 2013, na mafundi wengi wakahama. Nyumba nyingi za halmashauri zilikuwa zimeshauzwa kwa wapangaji. Denmark, karibu nyumba 1 kati ya 5 ni ya vyama visivyotafuta faida: wapangaji huchagua bodi, kodi ya pango hulingana na gharama, na mkopo wa jengo ukiisha, malipo huendelea kuingia kwenye mfuko wa sekta hiyo, unaogharimia ukarabati na ujenzi.