Nyumba ya Jan Steen: yanayosemwa na ukweli wake

Mholanzi akiingia nyumba iliyovurugika, vyombo vimezagaa na watoto wamepanda mezani, hadi leo husema hii ni nyumba ya Jan Steen. Mchoraji huyo wa mji wa Leiden, Uholanzi, alifariki mwaka 1679, lakini jina halijapumzika, na limezua mengi yasiyo na ushahidi.

Dhana: Alichora fujo za kwake, kama alivyoziona.

Itazame picha yake ya mwaka 1663 iliyoko Vienna. Mama mwenye nyumba amesinzia kwenye kona ya meza. Mbwa yuko juu ya meza anakula chakula cha watu, tumbili anachezea saa ya ukutani, mtoto anavuta kiko, binti anachokora kabatini. Divai inatiririka sakafuni kutoka kwenye pipa, naye nguruwe ananusa ua la waridi. Haya yote hayatokei saa moja katika nyumba moja, hata iwe ya wendawazimu. Kila kitu kimewekwa kwa hesabu: Waholanzi wana msemo wa kutomtupia nguruwe maua ya waridi, sawa na sisi kumpigia mbuzi gitaa. Halafu inua macho juu. Darini kinaning'inia kikapu chenye gongo la kutembelea, fimbo, upanga, na kibao cha kugonga walichobeba wenye ukoma ili watu wajitenge nao. Hayo ndiyo yanayowasubiri watu hawa, na hakuna hata mmoja wao anayetazama juu. Chini pembeni kuna kibao chenye maandishi ya kuonya: ukineemeka, jihadhari.

Kweli, aliwatumia watu wa nyumbani kwake kama vielelezo, na sura yake mwenyewe imo katika picha nyingi. Mwigizaji naye hutumia sura yake, na hatumwiti mwizi kwa kuigiza wizi.

Dhana: Alikuwa mlevi asiyefanya kazi.

Sifa hii ilivumishwa na Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji miaka 40 hivi baada ya Steen kufa, na inaelekea aliyasoma maisha yake kwenye picha. Kwamba pombe ilikuwa jirani yake si uongo: baba yake alikuwa mpishi wa bia, yeye mwenyewe alijaribu biashara hiyo katika mji wa Delft, na mwaka 1672 akapata kibali cha kufungua kilabu cha pombe Leiden. Lakini mwaka huo Ufaransa iliivamia Uholanzi na soko la picha likaanguka. Mtu alitafuta riziki. Miaka miwili baadaye wachoraji wenzake wa Leiden walimpa uongozi wa chama chao. Ameacha picha zaidi ya 300, kazi isiyotoka katika mkono unaotetemeka.

Dhana: Nyumba za Uholanzi enzi hizo zilikuwa hivyo.

Kinyume kabisa. Wageni walizishangaa kwa usafi, na ndiyo maana fujo ilichekesha.

Dhana: Picha zake zilichorwa ili matajiri wawacheke maskini.

Angalia mavazi ya wahusika, hariri na lulu. Huyo ni tajiri anayeharibikiwa, na wanunuzi walikuwa watu wa uwezo huohuo. Walijicheka wenyewe ukutani kwao.

Dhana: Ni mahubiri yaliyopakwa rangi.

Hapa wataalamu hawajakubaliana, nami nawaunga mkono wanaoona kicheko kwanza. Katika picha yake ya mwaka 1668 iliyoko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, familia nzima inaimba na kunywa. Karatasi inayoning'inia kwenye rafu ya juu ya meko inasema watoto huiga wimbo wa wakubwa, nao watoto wameshashika filimbi na viko. Katika nyingine, iliyoko katika makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, mwanamume anayemfundisha mtoto kuvuta kiko huku akiangua kicheko ana sura ya Steen mwenyewe. Mhubiri hajipi nafasi hiyo.