Je, wajua? Kwa nini watoto wa Irani hawaanzi kusoma kwa alifu, bee?

Wengi hudhani mtoto wa darasa la kwanza Irani hujifunza kusoma Kiajemi kwa kukariri herufi zote 32 kwa mpangilio wake. Vyuo vya zamani vya kufundishia watoto ndivyo vilivyofanya hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, mwalimu Mirza Hassan Roshdieh alipofungua shule katika mji wa Tabriz na kufundisha sauti badala ya majina ya herufi, wapinzani walimvamia. Lakini hoja yake ilisimama: tamka "bee" na "alifu" haraka uwezavyo, hupati "ba".

Leo kitabu cha darasa la kwanza huanza na picha za kuzungumzia, ndipo zije sauti mbili tu, aa (ā) na b. Hizo zinatosha kuandika āb (maji) na bābā (baba). Ikiongezwa d, mtoto tayari anasoma sentensi nzima: bābā āb dād, baba alitoa maji. Herufi ث, ambayo ni ya tano katika alfabeti, husubiri hadi karibu na mwisho wa kitabu, kwa sababu sauti yake ni s tu, na s ina herufi tatu.

Sentensi hiyo ya maji imechaguliwa kwa akili sana. Irabu zake zote ni ndefu, na irabu ndefu huandikwa. Fupi, yaani a, e na o, kwa kawaida haziandikwi. Fikiria Kiswahili kingeandikwa hivyo: ukikuta "kt", ni kata, kiti, kitu au kuta? Ndivyo ilivyo kwa گل, herufi g na l: gol ni ua, gel ni udongo. Ndiyo maana vitabu vya mwanzo huweka alama za irabu fupi, yaani fataha, kasra na dhumma, kisha alama hizo hupungua kadiri mtoto anavyopanda madarasa.

Zikishaondoka, msomaji huchagua irabu kwa neno analolijua tayari kwa sikio. Hapo njia hii humwelemea mtoto wa Tabriz anayezungumza Kiazeri nyumbani, au wa Sanandaj anayezungumza Kikurdi: anaweza kuzijua herufi zote na bado asijue achague gol au gel. Kwa watoto hao, zile wiki za picha na mazungumzo ni somo lenyewe la kusoma, na mwalimu anayezikatisha ili awahi herufi anawanyima kile watakachokitegemea alama zitakapoondolewa.